Ngozi Iliyoumizwa Huongeza Rangi: Hotuba Kuhusu Madoa ya Jua na Mabaka ya Usoni

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika.

Tuanze na jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote yatakaa mahali pake. Rangi ya ngozi ni kinga, na mara nyingi ngozi huiongeza kinga hiyo inapoumizwa. Ikichomwa na jua, inaongeza. Chunusi ikitumbuliwa, inaongeza. Ikisuguliwa kwa dodoki mpaka ikachubuka, inaongeza. Ikipakwa dawa kali iliyonunuliwa ili kuondoa doa, nayo ikawasha wiki nzima, inaongeza vilevile. Ndiyo maana wengi wanaohangaika na madoa hujikuta, baada ya mwaka wa kuhangaika, wana madoa mengi kuliko waliyoanza nayo. Hawakukosa bidii. Bidii yenyewe ndiyo iliyowachoma.

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini, yaani hiyo rangi yenyewe. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, na bila hicho rangi haitengenezwi. Melanini ikishaiva hufungwa katika vifuko vidogo sana, vifuko vikagawiwa seli za jirani, nazo huvikusanya juu ya kiini chake kama mwavuli ili mionzi isiharibu vinasaba. Mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizi. Wanachotofautiana ni ukubwa wa vifuko, wingi wake na namna vinavyosambazwa. Kwa hiyo ngozi nyeusi hujibu jeraha haraka na kwa nguvu: chunusi ambayo kwa mwingine ingeacha wekundu wa majuma machache, kwa mwenye ngozi nyeusi huacha doa la miezi kadhaa.

Seli za tabaka hilo la juu huzaliwa chini, hupanda polepole, kisha hupukutika. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban siku 28; umri ukisogea hufika siku 40 na zaidi. Hapo ndipo penye hesabu ya subira. Dawa iliyozuia rangi mpya leo haiwezi kuonyesha kazi yake mpaka seli zilizokwisha kubeba rangi ya zamani zipukutike, tena si mara moja. Usiihukumu kabla ya wiki 8, na hukumu ya haki ni wiki 12. Krimu inayong'arisha uso kwa siku saba itiliwe shaka papo hapo, na nitaeleza sababu.

Wakati mwingine rangi huvuja ikaanguka tabaka la chini zaidi. Huko hakuna kupukutika. Doa la namna hiyo huwa la kijivu au la samawati iliyofifia, halina ukahawia wa doa la juu, na krimu hazilifikii vizuri. Linaweza kuchukua mwaka, miaka, au lisiondoke lote. Ni heri mtu aambiwe hivyo tangu mwanzo kuliko kuuziwa chupa ya tano.

Sasa, doa lako ni doa gani? Swali hili watu huliruka, na kuliruka ndiko kunakoharibu kila kitu kinachofuata.

Madoa ya jua yenyewe huwa bapa, ya kahawia, yenye kingo zinazoonekana wazi, ukubwa wa milimita chache hadi sentimita moja au zaidi. Hukaa palipopigwa jua miaka mingi: mifupa ya mashavu, paji la uso, karibu na masikio, migongo ya mikono. Huonekana zaidi kwa watu waliovuka miaka 40, na zaidi kwa wenye ngozi nyeupe. Tofauti na madoadoa ya utotoni ya kurithi, ambayo hufifia jua likipungua, haya hubaki mwaka mzima.

Melasma ni kitu kingine. Hiyo ni mabaka mapana yanayokaa pande zote mbili kwa kufanana, mashavuni, kwenye paji, juu ya mdomo, kwenye pua. Huwapata wanawake kuliko wanaume, mara nyingi wakati wa ujauzito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango, na hutembea katika familia. Mwanga huichochea, joto nalo hutajwa sana. Melasma haiponi kama kidonda kinavyopona. Inadhibitiwa, kama shinikizo la damu linavyodhibitiwa. Anayeahidi kuiondoa moja kwa moja hasemi kweli.

Halafu yako madoa yanayobaki baada ya chunusi, upele, kuungua au kukwanguliwa. Haya yana umbo la kidonda kilichokuwepo. Hapa kosa ni kutibu doa huku chunusi zikiendelea kutoka. Ni kama kudeki sakafu huku paa linavuja. Chunusi zitibiwe kwanza, au vyote viwili kwa pamoja.

Yapo pia yanayofanana na madoa na krimu haiwezi kuyafanya lolote. Vinundu vidogo vyeusi vilivyoinuka mashavuni, vya kurithi, haviyeyuki kwa losheni. Huondolewa na daktari kwa umeme au kwa kukatwa, akitaka mwenyewe. Ngozi ya shingo na pembeni mwa uso iliyoiva weusi na kuwa nene kama mahameli mara nyingi inaashiria mwili unaosumbuka na insulini, na kinachotakiwa hapo ni kupima sukari na kushughulikia uzito. Baadhi ya dawa za kumeza, kwa mfano minosaiklini, amiodaroni na haidroksiklorokwini, huweza kubadili rangi ya ngozi. Na manukato yakipakwa shingoni au shavuni, jua likapiga juu yake, baadhi ya mafuta ya jamii ya ndimu yaliyomo huacha michirizi myeusi.

Kabla hujagusa doa lolote, liangalie kwa jicho la tahadhari. Doa ambalo nusu yake moja haifanani na nyingine, lenye kingo zilizochanika, lenye rangi zaidi ya moja ndani yake, lililopita milimita 6, au linalobadilika mwezi hadi mwezi, liende kwa daktari wa ngozi. Linalotoka damu au kufanya kidonda kisichopona, vilevile. Ipo saratani ya ngozi inayoanzia usoni kwa mtu mzima ikijifanya doa la jua, ikatambaa taratibu kwa miaka. Ukiliunguza kwa leza au kulichubua kwa asidi, unafuta alama aliyokuwa akiihitaji daktari na ugonjwa unabaki chini. Kwa wenye ngozi nyeusi, saratani ya seli za rangi hupenda zaidi nyayo, viganja na chini ya kucha. Basi hata aliyekuja kwa ajili ya uso akague miguu yake pia.

Sasa kinga ya jua. Nitakaa hapa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo matibabu mengi yanapofia. Mtu hununua dawa ya doa ya gharama kubwa, akaacha kinga, kisha jua la siku moja likarudisha nyuma kazi ya wiki kadhaa.

Mwanga unaoumiza ni wa namna tatu. Mionzi ya UVB ndiyo inayounguza, na namba ya SPF hupima hasa hiyo. Mionzi ya UVA hupenya zaidi, hupita kwenye kioo cha dirisha, na ni chanzo kikubwa cha madoa na makunyanzi. Cha tatu husahaulika: mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, hasa sehemu yake ya bluu, nao hutia weusi, na huwatia weusi zaidi wenye ngozi nyeusi na wenye melasma. Kinga nyingi zisizo na rangi haziuzuii huu wa tatu. Kinachouzuia vizuri ni oksidi ya chuma, ile inayoipa krimu rangi ya udongo. Kwa hiyo mwenye melasma achague kinga yenye rangi inayokaribiana na ngozi yake, yenye oksidi ya chuma, SPF 30 au zaidi, na iliyoandikwa kwamba inazuia UVA. Faida nyingine ni kwamba haiachi ule weupe wa chokaa ambao kinga za zinki na titani huwaachia watu weusi mpaka wakazichukia.

SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, na SPF 50 karibu asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa iko katika kiasi. Namba hiyo ilipatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au pungufu. Kipimo chepesi ni hiki: chora mistari miwili ya krimu, kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina la kidole hadi ncha. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Ukiiona nyingi, paka nusu kwanza, subiri dakika chache, kisha malizia. Masikio, ukingo wa nywele, juu ya mdomo na kuzunguka macho visisahaulike. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, na ukiwa nje rudia kila baada ya saa 2, au mara tu baada ya kuoga au kutoka jasho jingi. Ukiichanganya na losheni au vipodozi kiganjani unaizimua, na namba iliyo kwenye chupa haipo tena. Ukiiacha mahali pa joto kali inaharibika kabla ya tarehe yake.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi haihitaji kinga. Ngozi nyeusi sana ina kinga yake, iliyokadiriwa kuwa sawa na SPF 13 hivi. Inatosha kupunguza kuungua. Kwa kuzuia madoa haitoshi, kwani doa lenyewe ni hiyo kinga ikifanya kazi kupita kiasi mahali pamoja. Kofia yenye ukingo mpana, sentimita 7 au zaidi, na kivuli wakati jua liko utosini, ni msaada ambao hauwashi ngozi ya mtu yeyote.

Tuje kwenye dawa. Wiki mbili za mwanzo, usiongeze kitu, punguza. Acha sabuni kali, acha vya kusugulia, acha mchanganyiko wowote uliokuwa ukipaka, isipokuwa kama ulikuwa unatumia krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kwa muda mrefu, hiyo nitaifikia. Osha uso mara mbili kwa siku kwa kitakaso laini na maji ya vuguvugu, kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, paka krimu ya unyevu isiyo na manukato, na asubuhi kinga ya jua. Baadhi ya nyuso huanza kutulia hapo tu.

Kisha ongeza dawa moja. Moja tu. Ya pili ije baada ya wiki mbili au zaidi, ili mwasho ukitokea ujue umetoka wapi. Kila dawa mpya ijaribiwe kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku kwa siku 7.

Kama ingenilazimu kuchagua moja ya kuanzia kwa watu wengi, ningechagua asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20. Inazuia tairosinasi, inatibu chunusi, inatuliza uvimbe, na inaruhusiwa kwa mjamzito. Huchonyota dakika chache katika majuma ya mwanzo. Anza usiku mmoja, ruka mmoja, kisha kila usiku, kisha mara mbili kwa siku ikivumilika. Asubuhi, chini ya kinga ya jua, niasinamidi ya asilimia 4 au 5 hupunguza ugawaji wa vile vifuko vya rangi kwa seli jirani. Vitamini C ya asilimia 10 hadi 20 nayo hufaa, lakini ni nyepesi kuharibika: ikigeuka rangi ya chungwa iliyoiva au kahawia, imeshaoza kwa hewa, itupe. Asidi ya kojiki, asilimia 1 hadi 2, inafanya kazi, ila huleta mzio kwa baadhi ya watu, na mzio usoni ni doa jipya.

Retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, ni za usiku. Adapaleni ya asilimia 0.1, au tretinoini ya asilimia 0.025 kwa kuanzia, huharakisha upukutikaji wa seli zilizobeba rangi. Kiasi ni punje ya njegere kwa uso mzima. Ngozi iwe kavu kabisa, subiri dakika 20 baada ya kuosha, epuka kona za pua, midomo na kope. Usiku mbili kwa wiki kwa wiki mbili, kisha tatu, kisha ongeza taratibu. Kubanduka kidogo ni kawaida. Kuungua, kuvimba na wekundu unaodumu ni ishara ya kusimama siku kadhaa na kurudi kwa nafasi pana zaidi. Anayevumilia kuungua akidhani dawa inafanya kazi anajitengenezea madoa kwa mkono wake. Mjamzito na anayepanga kushika mimba asitumie retinoidi.

Haidrokwinoni ndiyo dawa yenye nguvu iliyofanyiwa kazi muda mrefu, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Mwaka 1975 madaktari wa Marekani Kligman na Willis walichapisha mchanganyiko wao wa haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na steroidi ya deksamethasoni asilimia 0.1. Mwaka huohuo, Afrika Kusini, kulielezwa madhara ya haidrokwinoni kwa waliojichubua kwa muda mrefu: ngozi inageuka nyeusi-samawati, ikajaa vipele vidogo kama mayai ya samaki. Hali hiyo huitwa okronosisi, na kuiondoa ni kazi ngumu mno. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi vya kawaida mwaka 2001. Marekani tangu 2020 ni ya cheti cha daktari. Ikiandikwa, kwa kawaida huwa asilimia 4, hupakwa juu ya doa peke yake, kwa pamba ya kijiti ikiwa doa ni dogo, mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi 3 hivi, kisha mapumziko. Ikipakwa kwa kutawanya hovyo hutoa duara jeupe kuzunguka doa. Na doa likianza kuiva zaidi wakati unaendelea kuitumia, usiongeze nguvu. Acha, umwone daktari.

Nilisema krimu ya siku saba itiliwe shaka. Nyingi za mkorogo huo zina steroidi kali kama klobetasoli, au zebaki, au haidrokwinoni isiyoandikwa kwenye chupa. Steroidi hung'arisha haraka kwa kubana mishipa na kunyamazisha ngozi. Miezi ikipita ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana kama nyuzi nyekundu, chunusi zinazuka, nywele zinaota mashavuni, na karibu na macho presha ya jicho inaweza kupanda. Ukiiacha ghafla uso unalipuka kwa wekundu na vipele, mtu anadhani anaihitaji, anairudia. Aliyeitumia kwa miezi apunguziwe na daktari, asiikate peke yake. Zebaki nayo huziba tairosinasi kweli, lakini huingia mwilini ikaharibu figo na neva, na mtoto anayelala kifuani pa mama huipata. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa, pamoja na mengine, kuiondoa katika vipodozi.

Maji ya limau yana asidi kali, pH (kipimo cha asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) kama 2, ilhali ngozi hukaa karibu na 5. Yana pia kemikali ambazo, jua likizipiga, huunguza ngozi kama moto na kuacha weusi wa wiki nyingi. Dawa ya meno na magadi vinaumiza kwa njia yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachostahili kugusa uso.

Kliniki ina vifaa, na vifaa hivyo vina mipaka. Doa la jua kwa mtu mweupe huweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Seli za rangi hufa kwa baridi kidogo kuliko seli nyingine, hivyo kwa ngozi nyeusi njia hii huweza kuacha doa jeupe lisilorudia rangi yake. Mwanga wa mpigo mpana haubagui rangi ya doa na rangi ya ngozi, na kwa weusi huweza kuunguza. Leza ya urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ni salama zaidi kwa weusi, lakini melasma hurudi mara nyingi baada yake, wakati mwingine nyeusi kuliko mwanzo. Kuchubua kwa asidi ya glaikoliki kuanze na asilimia 20 hadi 30, na retinoidi isimamishwe siku kadhaa kabla. Ukiingia kliniki wakataka kuanza leza siku hiyohiyo bila kuuliza unatumia nini, bila kujaribu sehemu ndogo nyuma ya sikio, toka. Asidi ya traneksamiki ya kumeza, kwa kawaida miligramu 250 mara mbili kwa siku, husaidia melasma sugu, ila aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aseme kabla ya kuandikiwa.

Piga picha ya uso kila baada ya wiki 4, dirisha lilelile, saa ileile, bila vipodozi. Kioo cha kila siku hudanganya pande zote mbili.

Doa likishafifia, usiache vyote kwa pamoja. Haidrokwinoni iondoke, azelaiki au retinoidi ibaki usiku tatu kwa wiki, kinga ya jua haina likizo. Na baka likirudi, kabla ya kukimbilia dawa kali jiulize mambo matatu: je, kinga ya jua bado inajaza vidole viwili? Je, umeanza kidonge kipya cha homoni? Je, kuna krimu au manukato mapya yanayokuwasha hata kidogo? Mara nyingi jibu liko katika moja ya hayo, na kulirekebisha hakuhitaji chupa mpya.